Minyoo Haizaliwi na Sukari



Watu wengi husema ya kwamba mtoto alaye sukari nyingi hupata minyoo. Sivyo. Sukari huharibu meno, lakini haizai mnyoo hata mmoja. Minyoo ya tumbo hutoka katika mavi ya mtu, nayo humrudia mtu kwa njia ya udongo, mikono na chakula.

Mnyoo mkubwa wa tumbo uitwao askarisi, ukiwa jike, waweza kutaga mayai yapata 200,000 kwa siku moja. Hayaonekani kwa macho. Yakikaa katika udongo wenye unyevu majuma mawili au matatu, yamekwisha kuwa tayari kumwingia mtu mwingine. Nayo huweza kudumu humo miaka kadhaa.

Basi kwa nini watoto wa mjini, walio karibu na dawa, huugua? Tazameni Kadutu, katika mji wa Bukavu. Nyumba zimebanana juu ya mteremko. Penye choo kimoja kwa jamaa nyingi, hujaa upesi. Na mvua kubwa ikinyesha, maji huchukua uchafu wa juu mpaka mlangoni pa jirani wa chini. Watoto huchezea papo hapo, kisha hula bila kunawa. Wakitembea bila viatu, minyoo ya safura huwapenya ngozi ya nyayo, ikaenda kunyonya damu matumboni. Mtoto hulegea na kusinzia darasani, naye mwalimu humdhania mvivu.

Dawa ipo. Shirika la Afya Duniani hushauri watoto wapewe albendazoli au mebendazoli mara moja au mbili kwa mwaka, mahali penye minyoo mingi. Wapelekeni. Lakini kidonge husafisha tumbo, hakisafishi ua. Mtoto akirudi kwenye udongo ule ule, minyoo nayo hurudi.

Kwa hiyo mfundisheni kunawa kwa sabuni atokapo chooni na kabla ya kula, mkateni kucha, mvisheni viatu. Tena, wenye kutumia choo kimoja wakutane: wapange zamu za kukisafisha, wakifunike, wachimbe mfereji wa kuepusha maji ya mvua. Jirani akiacha choo kifurike, mtoto wako ndiye augue. Nawe ukiacha, ataugua wake.