Butembo na Beni: Carina imezeeka, lakini mkimbizi asiiuze kama chuma chakavu

Tangu mwaka 2001 Toyota haitengenezi tena gari la Carina. Hata hivyo, kati ya Butembo na Beni, safari ya kilometa karibu 54, gari hilo lingali linabeba abiria na mizigo. Wanaolidharau kwa sababu ya miaka yake wanakosea, na wanaoumizwa zaidi na kosa hilo ni familia zilizokimbia vita.

Injini za Carina, zile za 5A na 7A, zilifungwa pia ndani ya Corolla. Kwa hiyo fundi wa garaji hahangaiki sana kupata vipuri. Kama injini ni nzima, gari bado lina bei.

Kasoro zipo. Mengi ya magari hayo yalitoka Japani yakiwa na usukani upande wa kuume. Uganda wanaendesha upande wa kushoto, lakini ukivuka Kasindi unaendesha upande wa kuume. Dereva akitaka kupita lori, haoni vizuri anayekuja mbele. Kuna pia kutu ya chini na moshi wa injini. Mnunuzi akipunguza bei kwa sababu hizo, ana haki.

Hana haki ya kupunguza kwa sababu muuzaji ana njaa. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014. Mwishoni mwa Juni 2024, M23 iliteka Kanyabayonga, na watu wengi wa Lubero ya kusini wakakimbia. Kwa mkimbizi aliyefika mjini na gari, mara nyingi gari ndilo mali yote iliyobaki. Kuna kodi ya nyumba, dawa, masomo ya watoto. Mnunuzi anayejua hayo anangoja hadi jioni, kisha anarudi na bei ya chini zaidi.

Wengine watasema soko ni soko, na mnunuzi naye anaishi katika usalama mdogo huohuo. Ni kweli. Lakini gari la bei ya kutupa, lisilo na kati rozi kwa sababu karatasi zilibaki kijijini, linamletea matatizo yeye mwenyewe. Kwenye kizuizi ataonyesha nini? Na kama liliibwa kwa mkimbizi mwingine, mwenyewe akitokea atajibu nini?

Dawa yake si ngumu. Fundi apime gari mbele ya pande zote mbili, asiwe wa mnunuzi peke yake. Namba ya shasi isomwe kwenye chuma na kulinganishwa na karatasi. Karatasi zikiwa zimepotea, muuzaji atangaze upotevu huo kwa wakubwa kabla ya kupokea pesa. Mapatano yaandikwe nakala mbili, mashahidi watie sahihi, na mkuu wa kata ajulishwe.

Tena, si lazima kuuza. Mwenye gari zima anaweza kumpa dereva mwaminifu kwa malipo ya kila siku, kwa mapatano yaliyoandikwa. Familia itakula leo, na siku ya kurudi nyumbani gari litakuwa bado lao.

Kamati za wakimbizi, makanisa, misikiti na wakuu wa kata wafundishe jambo hili sasa, kabla familia nyingine haijauza kwa machozi.