Tangi Lako Haliugui, Limevimbiwa

Wasee wa matangi ya maji ya chumvi, tuambiane ukweli. Huku Ruiru na Thika hatuko wengi, lakini tukipatana swali huwa ni moja: "Kuna ute mwekundu umefunika mchanga na matumbawe, niweke dawa gani?" Na jibu linalozunguka ni lile lile: enda duka la dawa, nunua erithromaisini, saga, mwaga ndani. Mimi hapo nakataa kabisa.

Ule ute si mwani, hata kama unafanana nao. Ni saianobakteria, bakteria wanaojipikia chakula kwa mwanga kama mmea. Ndiyo maana antibiotiki huwaua, na ndiyo maana watu huapa kuwa imefanya kazi. Siku chache tangi linang'aa, unapiga picha unaweka Instagram. Lakini naitreti na fosfeti zilizowalisha bado ziko kwa maji. Waliokufa wanaoza na kumaliza hewa ya samaki. Hata bakteria wazuri wa kwenye mawe, wanaogeuza amonia isiue samaki, wanaweza kuguswa. Wiki kadhaa baadaye ute umerudi, na wewe umerudi dukani.

Halafu yale maji yenye dawa unamwaga wapi? Mtaroni, si ndiyo? Mto Ruiru hushuka hadi Athi, Athi inaitwa Galana, mwishowe Sabaki, inaingia baharini karibu na Malindi. Kule kwenye matumbawe halisi. Na erithromaisini ni dawa ya watu. Kila ikitumiwa ovyo, tunawafundisha bakteria kuizoea, halafu siku moja mtoto wa jirani anaihitaji na haifanyi kitu.

Sasa chakula. Tunalisha kama tunapokea wageni. Kusema kweli, mgeni akija ndiyo tunalisha zaidi, ili aone samaki wakirukia! Wape kinachoisha kwa dakika mbili hivi. Kama ni chakula cha friza, kisuuze kwanza, ule mchuzi wake ni fosfeti tupu.

Maji nayo. Usichanganye chumvi na maji ya borehole kwa sababu tu yanaonekana safi. Sisemi yako yana mbolea, ingawa tumezungukwa na kahawa na mananasi, nasema pima. Bahati yetu ni kwamba karibu kila mtaa una duka la maji ya kujaza mtungi wa lita 20, yaliyochujwa na mashine. Lakini beba ile mita ndogo ya TDS, kwa sababu wengine hurudisha madini ili yawe na ladha. Unataka isome karibu na sifuri.

Ute wenyewe unyonye kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, elekeza pampu pale maji yanapolala, na taa ziwashwe saa nane kwa siku, si kutwa nzima. Na tafadhali, usikimbilie naitreti sifuri na fosfeti sifuri. Tangi lenye njaa linaweza kualika dinoflajelati, na hao ni wabaya kuliko huu ute.

Wavuvi wa Pwani wanaijua hii hesabu. Mwaka wa 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ya Kenya, na mwani ukapanda juu ya mifupa yao. Mahali pono na kangaja wamevuliwa sana, wa kuula ni wachache. Kwa tangi letu dogo kangaja hatoshei, ila konokono wachache wataramba mwani wa kijani vizuri tu. Ute mwekundu wengi wao hawaugusi, huo ni wako na mpira wako.

Na kama tangi lako ni la mwezi mmoja na lina vumbi la kahawia kila mahali, hizo ni diatomu, zinakula silika. Ikiisha zitaisha. Usiweke kitu.