Mavi ya paka yanasema nini?

Mwezi huu musicheke: tunazungumza juu ya mavi ya paka. Tutayaita kwa jina lake, kwa sababu paka hana kinywa cha kusema "tumbo inaniuma". Mavi yake njo barua anayotuandikia kila siku, na wengi wetu tunaifagia bila kuisoma.

Huku kwetu paka hafugwi kwa kupamba nyumba. Analinda mufuko ya bunga. Baba anashuka mu shimo, mama anauza sokoni, mufuko moja inanunuliwa kwa jasho ya watu wawili, halafu panya anaingia usiku na kuitoboa. Wazee walisema: paka akiondoka, panya hutawala. Kwa hiyo afya ya paka ni jambo la jamaa nzima.

Sikilizeni yaliyotupata sisi. Wakati wa kipwa, mjukuu wangu alikuwa anafagia nyuma ya jiko. Akaniita: "Kambo, kuya uone, mavi ya paka iko nyeusi sana!" Nilitaka kumwambia aache michezo. Lakini nilienda, na nikaona kweli: nyeusi, yenye kunata, inang'aa kama mafuta ya zamani ya motokari. Paka mwenyewe alilala kwenye kivuli, ufizi wake mweupe kama karatasi. Tukauliza jirani, naye akasema: "Ndiyo, siku tatu zilizopita niliweka dawa ya panya." Basi tukaelewa. Dawa nyingi za panya zinazuia damu kuganda. Panya aliyekula dawa anatembea polepole, paka anamkamata bila kazi, na sumu inapita kwa paka. Dalili hazionekani siku ileile. Zinaonekana nyuma ya siku kadhaa. Tulimbeba paka mu kikapo mpaka kwa munganga wa nyama, akampa vitamini K kwa majuma mengi. Alipona. Aliyemuokoa si mimi. Ni yule mtoto aliyeangalia mbele ya kufagia.

Sasa tujifunze kusoma hiyo barua.

Mavi ya paka mzima ni ya rangi ya kahawia, yamefungamana vizuri, si magumu kama jiwe wala laini kama uji. Paka wengi wanaenda choo mara moja ao mbili kwa siku. Kila jamaa ijue desturi ya paka yake, kwa sababu linalotuonya kwanza ni mabadiliko.

Yakiwa nyeusi na yenye kunata, mara nyingi ni damu iliyotoka juu, kwenye tumbo ao mwanzo wa matumbo, ikapikwa njiani. Damu nyekundu mbichi inatoka chini, karibu na njia ya kutokea. Tone moja juu ya mavi magumu linaweza kuwa kidonda kidogo tu. Lakini damu nyingi, ao damu pamoja na kutapika, inaomba munganga siku ileile.

Yakiwa maji, angalieni kwanza chakula. Wengi tunafikiri kwamba maziwa njo chakula cha paka. Hapana. Paka wengi wakikomaa hawawezi tena kuyeyusha sukari ya maziwa, na tumbo inaharibika. Mpeni maji safi, na kama mnampa bukari, muchanganye na ndagala ao nyama, kwa maana paka hawezi kuishi kwa bukari tupu. Paka mkubwa akiharisha siku moja lakini anakula na kucheza, mumungojee kidogo. Zikipita siku mbili, ao akikataa chakula, musingoje tena. Mtoto wa paka anayeharisha na kutapika yeye hana siku mbili: anaweza kuwa na tifusi ya paka, ugonjwa unaoua upesi. Kuna chanjo yake. Ugonjwa huo haushiki watu.

Mukiona vitu vyeupe kama mbegu za mchele, juu ya mavi ao kwenye manyoya chini ya mkia, hizo ni vipande vya tegu. Paka anaipata kwa kumeza kiroboto wakati wa kujilamba, na kuna aina ingine anayoipata kwa kula panya. Njo maana kumpa dawa ya minyoo bila kuua viroboto ni kazi bure. Minyoo mirefu, myeupe, kama tambi, hiyo ni aina ingine. Watoto wa paka wanaipata mu maziwa ya mama yao, na tumbo yao inavimba kama ngoma. Paka mwenye kuwinda anahitaji dawa ya minyoo karibu kila miezi mitatu.

Mavi yaliyo kijivu ao meupe kama udongo yanaweza kusema kwamba nyongo haifiki kwenye matumbo. Na paka dume anayechuchumaa na kujikaza pasipo kutoa kitu, musifikiri upesi kwamba amefunga choo. Labda ni mkojo uliozibika. Huyo anaweza kufa ndani ya siku chache. Mukimbie kwa munganga.

Vijana, neno hili mulishike vizuri: musimpe paka dawa ya watu. Jamaa moja niliyoijua ilimhurumia paka yao, ikampa kipande cha parasetamoli. Wakamuua kwa wema. Mwili wa paka hauwezi kuvunja dawa hiyo, na hata kipande kidogo kinaweza kumaliza maisha yake. Vilevile musimpake dawa ya viroboto ya mbwa, ile yenye permetrini.

Sasa wamama wenye mimba. Mumesikia watu wakisema: "Mama akibeba mimba, paka itupwe inje." Si lazima. Kweli, mavi ya paka yanaweza kubeba mbegu za ugonjwa unaoitwa toksoplasma. Mama akiupata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba, unaweza kumfikia mtoto na kuharibu macho ao ubongo wake, ao mimba kutoka. Lakini mbegu hizo zikitoka kwa paka haziwezi kuambukiza papo hapo. Zinahitaji siku moja mpaka tano. Kwa hiyo mavi yaondolewe kila siku, na mtu mwingine asiye na mimba, yafukiwe mbali na kisima na mboga. Kama hakuna mwingine, mama afunike mikono kwa sashe, kisha anawe kwa sabuni. Na tusimsingizie paka peke yake: ugonjwa huo unaingia pia kwa nyama isiyoiva vizuri, na kwa mboga za bustani zisizosafishwa.

Watoto wadogo nao wanacheza mu mchanga, na paka anapenda mchanga kwa kujisaidia. Mayai ya minyoo yake yanakaa humo siku nyingi. Funikeni mchanga wa kujenga, na mtoto anawe mikono mbele ya kula, hata kama ni muhindi moja tu ya kuchoma.

Mutaniuliza: kama munganga wa nyama iko mbali? Basi wekeni kumbukumbu: siku gani ilianza, rangi gani, mara ngapi, alikula nini. Chukueni mavi kidogo mu kopo yenye kifuniko. Mutu akienda muji, ayapeleke pamoja na habari hizo. Munganga anaweza kuona mengi humo.

Na ninyi mnaotega panya kwa sumu, mbele ya kuiweka, waambieni majirani. Neno moja juu ya lupango lingetupunguzia safari ndefu na kikapo kichwani.

Kesho asubuhi, anayefagia nyuma ya jiko aangalie kwanza. Halafu afagie.