Sauti ya mchuma chai isizikwe chini ya tafsiri

Mwishoni mwa muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa uandishi wa habari aliniletea kazi aliyoiandaa kwa ajili ya somo ninalofundisha kuhusu lugha na vyombo vya habari. Kijana huyo ni mzaliwa wa Konoin, Kaunti ya Bomet, na mada aliyoichagua ni ile aliyokulia ndani yake: maisha ya wachuma chai baada ya mashine za kuchumia majani kuingia katika mashamba makubwa. Kazi yenyewe ilikuwa ya medianuwai, yaani masimulizi yanayounganisha maandishi, picha, video, sauti na ramani mahali pamoja, hata msomaji akawa pia mtazamaji na msikilizaji.

Sikuificha furaha yangu. Picha za vilima vya chai wakati wa alfajiri zilipendeza. Ramani ilimwongoza mtu kutoka mji wa Kericho hadi Mogogosiek. Na katikati ya yote hayo palikuwa na mama mmoja mzee, aliyechuma chai kwa zaidi ya miaka 20, akizungumza kwa Kikipsigis. Sauti yake ilisikika kwa muda wa pumzi mbili tatu, kisha ikafifishwa, na juu yake ikapanda sauti ya kijana mwingine akimfasiri kwa Kiingereza fasaha. Nilimpa mwanafunzi alama za juu, nikamwambia kwamba kazi yake ilistahili kuigwa na wenzake.

Wakati wa likizo alirudi nyumbani, akamwonyesha mama yule kazi iliyokamilika kwenye simu. Mama aliitazama hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyu anayenisemea ni nani?" Mwanafunzi alipomweleza maana ya yale maneno ya Kiingereza, mama alitikisa kichwa. Tafsiri ilikuwa imesema kwamba mashine ziliwafukuza kazini. "Mimi sikusema hivyo," akajibu. "Mashine haina mdomo wa kumfukuza mtu. Nilisema kuna watu walioamua."

Kijana huyo aliporejea chuoni alinijia akiwa amefadhaika. Alitaka kujua iwapo alikuwa amesimulia kisa cha mama yule au amesimulia chake mwenyewe kwa kutumia uso wa mama. Swali lake lilinichoma kuliko alivyodhani. Mimi ndiye niliyeisahihisha kazi ile. Nimejifunza Kikipsigis ukubwani, nami hukielewa kiasi cha kufuata mazungumzo. Ningaliweza kudai nisikilize rekodi nzima kabla ya kutoa alama. Sikudai. Nilivutiwa na picha, nikasahau masikio yangu.

Huenda msomaji akaona kwamba tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni ndogo. La hasha. Mnamo Mei 2023, waandamanaji waliteketeza mashine za kuchumia chai huko Kericho, wakilalamika kwamba zimewanyima watu riziki. Suala la mashine hizo si la hadithi za jioni. Ni suala la kodi ya nyumba, karo na unga. Sasa, ukisema "mashine ziliwafukuza", unalifanya jambo hilo lifanane na ukame au mvua ya mawe: limetokea, wala hapana wa kuulizwa. Ukisema "kuna watu walioamua", unafungua mlango wa maswali. Ni akina nani? Waliamua lini? Walishauriana na nani? Mama yule alikuwa ameufungua mlango huo kwa ulimi wake mwenyewe. Tafsiri yetu ikaufunga kwa niaba yake, tena kwa sauti nzuri.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapokuwa na neno la kumwambia mwandishi wa habari. Katika Kikipsigis, kama ilivyo katika lugha nyingine za Kikalenjin, kitenzi hutangulia sentensi, na nomino huja baadaye. Kinachomjulisha msikilizaji nani ametenda na nani ametendwa ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti juu ya nomino hizo. Maandishi ya kawaida ya lugha hiyo hayaonyeshi toni. Msomaji wa maandishi hutegemea muktadha na mpangilio wa maneno, ilhali msikilizaji huupata ukweli wote moja kwa moja sikioni. Kwa hiyo sauti ya msemaji wa lugha hii si pambo la kutia ladha kwenye habari. Ni sehemu ya sarufi yake. Anayeifunika sauti hiyo amefunika jibu la swali la kwanza la uandishi wa habari: nani alimfanyia nani nini?

Kosa la mwanafunzi wangu halikutokana na toni, maana yeye huimudu lugha ya mamaye. Lilitokana na haraka, na mazoea ya kudhani kwamba tafsiri ni kazi ya mwisho, ya kufanywa usiku mmoja kabla ya kuwasilisha. Hata hivyo funzo ni lile lile. Gazeti la kale lilikuwa na udhuru, kwa kuwa karatasi haisemi. Medianuwai haina udhuru huo. Imetupa uwezo wa kumsikia mchuma chai kwa sauti yake, nasi tunautumia uwezo huo kumnyamazisha.

Tatizo hili si la jana wala juzi. Katika nchi hii hii ya chai, pale Kapkatet, mwaka 1950 alifika Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akirekodi muziki. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi kwa Wakipsigis zilikuwa zile zinazoitwa "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia wenyeji. Kwa mwanaisimu, jina hilo ni darasa zima. Kikipsigis hakitofautishi maneno kwa ghuna kama kinavyofanya Kiingereza. Hivyo sauti za kigeni za "Jimmie" na "Rodgers" zikavalishwa "ch" ya nyumbani. Tena mwanzo wa jina ukafanana na kiambishi cha majina ya kike, kile tunachokisikia katika Chebet na Chepkoech. Mgeni akapokewa, akapewa jina linalotamkika, akaingizwa katika wimbo. Hiyo ndiyo kazi ambayo lugha hai hufanya.

Lakini Tracey hakuchukua sauti peke yake. Aliandika pia maelezo. Alieleza kwamba neno hilo lilikuwa limekuja kumaanisha kitu chochote kipya au cha ajabu, na kwamba wasichana waliouimba mmojawapo wa nyimbo hizo walimwazia Chemirocha kuwa nusu mtu, nusu paa. Maelezo hayo yalisafiri pamoja na wimbo katika santuri, vitabu na vipindi vya redio. Kwa miongo mingi, dunia iliwajua wasichana wa Kapkatet kupitia sentensi chache za mtu aliyepita njia. Yamkini alisema kweli. Yamkini walikuwa wakimtania mgeni, kama wasichana wafanyavyo popote. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwaka 2015 nakala zilirejeshwa Kapkatet, wenyeji wakasikiliza. Ilikuwa imepita miaka 65.

Nimpe Tracey haki yake. Lau asingalibeba mitambo yake hadi kule, leo tusingalikuwa na sauti hizo. Na kwa kuwa aliiacha sauti ikiwa nzima, sisi tunaweza kuirudia na kuyapima maelezo yake. Mwanafunzi wangu, aliye na simu yenye uwezo kupita mitambo yote ya mwaka 1950, alikuwa ametoa maelezo na kuifuta sauti. Kati ya wawili hao, nani ametuachia ushahidi bora?

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo si jepesi. Litasema kwamba kuna wakati ambapo sauti ya mtu lazima ifichwe. Mnamo Februari 2023, shirika la BBC lilitangaza filamu iliyotengenezwa kwa msaada wa kamera iliyofichwa katika mashamba ya chai ya Kericho, yale yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na makampuni ya Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 waliwaambia watangazaji hao kwamba walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Malalamiko ya aina hiyo yalikuwa yametajwa katika ripoti za miaka ya nyuma, ila taifa lilishtuka lilipoona kwa macho na kusikia kwa masikio, na Bunge la Taifa likaagiza uchunguzi. Hiyo ndiyo nguvu ya picha na sauti. Lakini hiyo ndiyo hatari yake pia. Katika nyumba za laini, ambako watu huishi ukuta kwa ukuta, sauti hutambulika upesi kama uso. Mwanamke anayetegemea kibarua cha mtu anayemshtaki anaweza kuponzwa na kikohozi chake tu.

Nalikubali pingamizi hilo. Sauti inapoweza kumletea mtu madhara, na ifichwe. Ila uamuzi huo ni wa nani? Kumfunika mtu kwa sababu ameomba kinga ni jambo moja. Kumfunika kwa sababu lugha yake inamchosha mtazamaji wa mbali ni jambo jingine kabisa. Katika kisa changu, mama yule hakuwa na hofu. Alikuwa amestaafu, na alitaka asikike. Hakuna aliyemuuliza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaitambua ridhaa ya mtu kuwa msingi mmojawapo wa kutumia taarifa zake, lakini ridhaa ya kupigwa picha haitoshi. Anayesimuliwa ana haki ya kujua atasemewa na nani, kwa lugha gani, na kwa maneno yapi.

Swali linalofuata ni la lugha ya tafsiri. Mbona Kiingereza? Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010, na ibara hiyo hiyo inalitaka taifa liendeleze lugha za kiasili. Katika mashamba ya chai, Kiswahili si nadharia. Kwa vizazi vingi Mkipsigis, Mgusii, Mjaluo na Mluhya wamekutana humo, na lugha iliyowawezesha kuelewana penye mizani ni hiyo. Tafsiri ya Kiswahili iliyoandikwa chini ya picha ingesomwa na jirani wa mama yule, na watoto wake, na hata msimamizi wa zamani. Tafsiri ya Kiingereza iliwaruka wote hao, ikamwendea mtu ambaye huenda anaijua chai katika kikombe tu.

Ninayopendekeza kwa walimu wenzangu ni machache, wala hayahitaji pesa. Mwanafunzi wa uandishi wa habari afundishwe kusikiliza na kufasiri kwa bidii ile ile anayofundishwa kupiga picha. Rekodi nzima iandikwe katika lugha iliyosemwa kabla ya kukatwa. Sauti ya msemaji iachwe isikike, na tafsiri iandikwe chini yake, isipokuwa yeye mwenyewe ameomba afichwe. Na kabla ya kazi kutolewa, irudishwe kwa aliyesimuliwa, asomewe maneno aliyotiwa kinywani. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekilalia aulizwe.

Kwa wanafunzi ninaongeza neno moja. Mnajivunia vifaa, na mna haki. Lakini jifunzeni lugha za watu mnaowaendea, na mliozaliwa nazo msizionee haya. Kijana aliyetoka Konoin ana hazina ambayo mgeni mwenye kamera ya bei kubwa hataipata kwa juma moja la safari.

Alama nilizompa sikuzipunguza, kwa maana kosa lilikuwa letu sote wawili. Nilimrudishia kazi yake, naye akairudia. Katika toleo la pili hakuna kijana anayezungumza juu ya mama. Mama anaongea mwenyewe kwa dakika nne, na Kiswahili kinapita chini ya picha taratibu. Pale anaposema kwamba kuna watu walioamua, ananyamaza kidogo, akiutazama mlima wa chai ulio mbele yake. Katika toleo la kwanza kimya hicho kilikuwa kimekatwa.