MAZUNGUMZO YA MWEZI: Adhabu ya Wasio na Kosa

Mwezi huu twapenda kunena nanyi habari za Kua, mji wa kale uliokuwa katika kisiwa cha Juani, karibu na Mafia. Leo hapana mji tena. Yamebaki magofu ya jumba, ya misikiti na ya makaburi, na miti imeota kati ya kuta. Lakini wazee wa Mafia husimulia hadithi ya mji huo, nayo yafaa kufikiriwa na wazazi na walimu.

Husimulia ya kwamba watu wa Kisimani, mji uliokuwa upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kulishua. Siku ilipofika wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani mfano wa magogo, wakalipitisha jahazi juu yao hata majini. Watu wa Kua hawakulipa kisasi upesi. Wakangoja, ndipo wakawaalika watu wa Kisimani kwenye arusi. Wageni wakaingizwa katika chumba cha chini, wakala, wakafurahi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, kisha mlango ukazibwa kwa mawe na chokaa.

Sasa tazameni ni nani walioadhibiwa. Wale watoto walikuwa na kosa gani? Na je, kila aliyekwenda arusini alikuwapo siku ya jahazi? Huenda wengine siku ile walikuwa wangali mgongoni mwa mama zao. Kila mji ulihesabu deni lake, na waliolipa ni wasiokopa.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walikuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska, wakauangamiza mji wa Kua, wakawachukua watu utumwani. Hivyo aliyelala mwungwana akaamka mtumwa, wala hakuhukumiwa kwa kosa lolote. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Lakini sheria hufungua mikono na miguu, haifungi vinywa; na katika pwani yetu wajukuu waliendelea kusimangwa kwa ajili ya minyororo ya babu zao.

Sisi tusijidhani kuwa mbali na watu hao. Bagamoyo mwaka 1868, Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875, na Masasi mwaka 1876, misheni zilikusanya watu waliotolewa utumwani, na wengi wao wakawa mawe ya kwanza ya Kanisa letu. Mkristo atamdharauje mtu kwa ajili ya ukoo wake?

Waswahili husema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ni neno la kweli sokoni, lakini si la kweli darasani wala nyumbani. Waisraeli nao walikuwa na methali yao, ya kwamba baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Na katika Ezekieli, sura ya 18, Mungu aliwakataza wasiitumie tena, maana kila nafsi ni yake, na kila mtu atahukumiwa kwa njia zake mwenyewe.

Basi, mwalimu, kalamu ikipotea darasani, usiwachape wote ili umpate mmoja. Utampata mwizi labda, lakini wale thelathini watakuwa wamejifunza ya kwamba kutokuwa na kosa hakuna faida. Nawe mama, baba wa jirani akifungwa gerezani, tazama jinsi watoto wake wanavyopita mlangoni pako. Baba amehukumiwa miaka yake na hakimu. Watoto je, ni nani aliyewahukumu? Tumewahukumu sisi, tunapowaita wanetu ndani wasicheze nao, na tunapopunguza sauti mama yao anapofika kisimani.

Kuta za Kua hujengwa hivyo hata leo, jiwe moja moja, na watu wasiojiona kuwa wabaya. Jumapili hii mwalikeni mtoto wa namna hiyo ale pamoja na wenu, na mlango uachwe wazi. Bwana awabariki.