Rubani ama karao? Anza na mlango unaofungwa mapema

Kila mara polisi wanapotangaza usajili wa makurutu, hapa Kakamega unazuka ubishi uleule. Kuna msee wa Amalemba ama Lurambi ambaye tangu shule ya msingi amekuwa akisema atakuwa rubani. Sasa ana miaka 25, karo ya shule ya urubani haijapatikana, na mamake anamwambia aende akakimbie uwanjani kama wenzake. Yeye anaona huko ni kushushwa. Upande wa pili kuna aliye karao tayari, ana akiba kidogo, na anataka kuweka bunduki chini aende kurusha ndege. Huyo naye anaambiwa amerukwa na akili.

Mimi nasema hakuna aibu kutoka sare moja kuingia nyingine. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo najua vile watu humwangalia mtu akibadilisha njia. Lakini kinachowaangusha wengi ni mpangilio. Wanakaa wakingoja mlango ambao utabaki wazi miaka mingi, na wakigeukia ule mwingine wanaupata umefungwa. Hebu tuhesabu pamoja.

Anza na umri. Usajili wa Novemba 2025, uliotafuta makonstebo 10,000, ulitaka mtu wa miaka 18 hadi 28 mwenye angalau D+ katika KCSE. Ukifika 29 umepitwa, hata uwe na mbio za Eliud Kipchoge. Urubani hauko hivyo. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya kurusha ndege za kibiashara inaanzia miaka 18, na ile ya juu kabisa, inayohitaji saa 1,500 angani, inaanzia miaka 21. Kikomo cha rubani wa ndege za abiria za kimataifa ni miaka 65. Anayeanza kazi hiyo akiwa na 32 bado ana miaka 33 mbele yake.

Halafu kuna pesa. Ukichukuliwa na polisi, serikali inakupeleka Kiganjo, inakulisha, inakuvisha na kukufundisha. Kwa urubani wewe ndiye unayelipa, na unalipa kwa saa: ndege, mafuta na mwalimu. Leseni ya kibiashara huhitaji kama saa 200 angani, kwa hivyo bili inafika mamilioni ya shilingi. Bursari ya wadi haiwezi kufika huko. Ndiyo maana unasikia mzee wa Shinyalu ameuza shamba ili kijana aende Wilson, Nairobi, na pesa zikaisha kabla saa hazijatimia. Ukiwa na hati ya mshahara, hata ya konstebo, sacco itakusikiliza. Ukiwa na ndoto tu, itakuuliza mdhamini wako ni nani.

Tatu ni makaratasi. Leseni si kama cheti cha kidato cha nne ambacho unakiweka kwa sanduku hadi uzeeke. Rubani wa kibiashara hupimwa afya angalau kila mwaka. Ili abebe abiria, lazima awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Akiacha ndege miaka mitano kwenda kazi nyingine, atalipa tena ili arudi. Karao anayeacha kazi ana shida tofauti: akiondoka na miaka 31, mlango wa kurutu haumtambui tena. Kwa hivyo usiandike barua ya kujiuzulu kabla hujajua utakula nini mwaka wa kwanza.

Na usidhani ndege ni kazi isiyotikisika. Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona. Safari za ndani zilirudi Julai 15 na za kimataifa Agosti 1. Kenya Airways ilipunguza wafanyakazi mwaka huohuo. Marubani wenye maelfu ya saa walikaa nyumbani, huku polisi wakiendelea kupokea mshahara. Wapo pia waliobadilisha njia bila kulazimishwa na korona. Ronald Karauri alikuwa kapteni wa Kenya Airways na kiongozi wa chama cha marubani, akaingia biashara ya kamari, na 2022 akachaguliwa mbunge wa Kasarani.

Kuna pia mahali kazi hizi mbili zinakutana. Polisi wa Kenya wana kitengo chao cha ndege, ambacho makao yake yako Wilson. Juni 10, 2012, helikopta ya polisi ilianguka Ngong na kuua watu sita, akiwemo waziri George Saitoti na naibu wake Orwa Ojode. Waliokuwa wakiirusha, Nancy Gituanja na Luke Oyugi, walikuwa marubani na pia maafisa wa polisi. Wao pia walikufa. Kwa hivyo usiseme polisi ni ya waliofeli na ndege ni ya waliofaulu. Kuna watu waliobeba kazi zote mbili kwa wakati mmoja.

Sasa najua unachotaka kuniuliza. Baada ya Juni 2024, nani anataka kuwa karao? Tuliona vijana wa rika letu wakipigwa risasi barabarani. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alifariki akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Mimi pia naandika blogu. Sitakwambia usahau.

Lakini hapo ndipo sikubaliani na ushauri wa "ingia polisi kwanza, utatoka baadaye" ukitolewa ovyo. Polisi si steji ya kungojea gari lingine. Hata ukipanga kukaa miaka minne pekee, hiyo miaka minne utakuwa na bunduki, na mama anayekuja kuripoti kuibiwa ng'ombe hajui kwamba wewe uko njiani kwenda Wilson. Anakuona wewe ndiye serikali. Kama huwezi kumhudumia huyo mama vizuri, usiende, hata kama mshahara ungekulipia saa zote za ndege.

Na kama kweli unataka urubani, kuna tabia yake unayoweza kuanza nayo mapema. Ndani ya ndege, rubani msaidizi hufundishwa kumwambia kapteni anapokosea, kwa sababu kunyamaza kumewahi kuua abiria. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 nayo inasema kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Konstebo anayeweza kusema "mkubwa, hiyo si sawa" ndiye tunayemhitaji hapa mjini. Akija kuwa rubani baadaye, abiria wake watashukuru.

Kwa hivyo wewe wa miaka 25, kabla mzee hajauza shamba, nenda kwanza kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya usafiri wa ndege ukapimwe. Macho ama moyo unaweza kufunga mlango huo mapema, na ni afadhali ujue kabla pesa haijatoka. Usajili wa polisi ukitangazwa na una moyo wa kuhudumia watu, enda. Haulipishwi hata shilingi, na anayekuitisha "kitu kidogo" anataka kukuibia. Ukishachukuliwa, weka akiba na fanya kazi vizuri. Ndege bado zitakuwa zikitua Kisumu ukiwa na miaka 32.

Na wewe karao unayetaka kuondoka, waache waseme. Hakikisha tu umehesabu saa, pesa na miaka kabla ya kurudisha bunduki.