Chura wa Kihansi si Kichekesho

Ndugu zangu, juzi tulikaa kwa jamaa mmoja hapa Mount Dennis tunakula pilau, mazungumzo yakafika kwenye umeme wa nyumbani. Mmoja akakumbushia Kihansi: "Eti tukae gizani kwa ajili ya chura!" Tukacheka wote. Nilirudi kwangu na aibu, maana mimi nasomea uhandisi wa maji.

Tuambizane ukweli. Chura yule aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, wakati ujenzi wa mradi wa megawati 180 umeshaanza. Mkubwa wao hafiki sentimita 3. Hatagi mayai, anazaa. Duniani kote aliishi hapo tu, kwenye kama hekta 2 zinazoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia, lakini mwaka 2003 chura wakapukutika, na ugonjwa wa kuvu ukakutwa kati yao. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kilichookoa kizazi ni wale karibu 500 waliopelekwa Marekani mapema, wakatunzwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 wakaanza kurudishwa Dar, na 2012 korongoni kwao.

Mimi sipingi bwawa. Nimesoma kwa mshumaa, mgao naujua. Lakini swali la "chura au umeme" linatupoteza. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa kazi: tulichora na kumwaga zege kwanza, korongoni tukachungulia baadaye. Naamini kumpeleka mtaalamu wa viumbe mapema kungekuwa rahisi kuliko kumlea chura ng'ambo miaka 10.

Na tusidhani ni mambo ya kwetu tu. Teremkeni hapo chini mkaone Black Creek. Baada ya mafuriko ya kimbunga Hazel mwaka 1954, sehemu za kijito hicho zilitiwa kwenye mfereji wa zege. Mafuriko yalikuwa ya kweli, watu walikufa. Ila majani hayaoti kwenye zege.

Wengi wetu tutarudi kuchora mabwawa na barabara. Jamani, kabla ya kushika kalamu tuulize: huko bondeni anaishi nani? Anayepinga aje tubishane, chai ipo.